Sebule ya Serikali

Ipo nchi, haiko mbali sana wala karibu sana, ambayo Serikali yake iliwapenda wananchi kiasi kwamba haikuwa tayari kumpoteza hata mmoja bila maandishi. Ndiyo maana ilipitishwa sheria kwamba kila aliyefikisha miaka sitini awe na Cheti cha Uhai, na akihuishe kila mwaka, aje mwenyewe, akiwa hai, na picha mbili ndogo. Asiyekuwa na cheti alihesabiwa marehemu. Haikuwa adhabu, ilikuwa takwimu tu. Marehemu wa aina hiyo hakuzuiwa kutembea barabarani wala kula chakula chake. Ila zahanati haikumwandikia dawa, na duka la dawa halikumuuzia, kwa kuwa Waziri alishaeleza bungeni kwamba dawa hazijawahi kumsaidia marehemu, na wabunge wakapiga meza.

Vyeti hivyo vilitolewa na Idara ya Uhai, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa imezinduliwa mara mbili na haijawahi kupanda. Wazee walipanda kwa miguu. Waliofika juu wakihema walikuwa wametoa ushahidi wa kutosha kwamba wako hai, lakini ushahidi na cheti ni vitu viwili tofauti.

Huko juu, dirisha la tatu, alikaa karani mwandamizi Nasibu Mtengeti. Kwa miaka kumi na tisa Nasibu alikuwa amewaambia watu waje kesho. Alikuwa na namna tatu za kulisema neno hilo: kwa upole kwa wanaolia, kwa mkato kwa wanaobisha, na kwa kutikisa kichwa tu, bila kuinua macho, kwa wale waliokwisha kuzoea. Msimfikirie vibaya. Hakuwa mtu wa roho mbaya, alifundishwa kazi hivyo na aliyekuwa dirisha la tatu kabla yake, na yule naye alifundishwa na mwingine. Jioni alirudi nyumbani kwa mkewe Mwajabu, binti yao Zuwena wa darasa la pili, na mama yake mzazi, Bi. Sinawema, na huko alikuwa mtu wa maneno laini na mikono myepesi.

Sasa Waziri alisafiri. Alikokwenda aliona watumishi wakifanya kazi majumbani mwao, wamevaa kandambili, na uchumi wao haujaanguka. Aliporudi, kabla hata mizigo yake haijateremshwa, ulitoka waraka: kuanzia Jumatatu, watumishi wote wa umma wafanye kazi nyumbani, kwa tija na mizania. Neno tija lilieleweka kidogo. Neno mizania hakuna aliyelielewa, lakini lilichapwa kwa herufi nene, kwa hiyo watu waliliogopa.

Nasibu akabeba muhuri, kidau cha wino, na vitabu vitatu vya vyeti, akavipanga juu ya meza ya sebuleni kati ya televisheni na jagi la maji. Akavaa tai. Akangoja.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Chilewa, fundi cherehani aliyestaafu. Huyu alikuwa ameambiwa aje kesho mara kumi na moja. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema hodi kwa sauti ya mtu anayejua atafukuzwa.

"Karibu! Pita ndani, mlango uko wazi," akaitikia Bi. Sinawema kutoka jikoni, kabla Nasibu hajameza mate. "Keti hapo kwenye kochi, siyo hilo, hilo spring imetoka. Unakunywa ya maziwa au ya rangi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nasibu alifungua kinywa aseme neno lake la miaka kumi na tisa, likakataa kutoka. Mtu amekaa kwenye kochi lako, ana kikombe chako mkononi, mama yako anamuuliza habari za wajukuu na yeye anawataja mmoja mmoja kwa majina. Utamwambia aje kesho? Kesho aje kufanya nini, na leo yupo? Kumtoa mgeni ndani ya nyumba mikono mitupu ni aibu ambayo hakuna waraka wa Serikali uliowahi kuiondoa. Nasibu aliandika cheti, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke. Ilichukua dakika nne. Mzee Chilewa alikishika kile cheti, akakigeuza nyuma kuona kama kuna masharti, halafu akalia.

Habari ikaenea mtaa mzima. Siku ya pili walikuja tisa, siku ya nne walikuja thelathini. Mwajabu alikopa mabenchi kwa majirani. Bi. Sinawema alikuwa mkunga wa hospitali ya wilaya kwa miaka arobaini, kila mtu alikuwa anamjua, na kwa kuthibitisha uhai alimzidi mwanawe mbali. "Huyu mwandikie," alisema akipita na sinia, "yu hai kabisa, amemaliza mihogo yangu yote." Nasibu aliandika. Mchana walikula pamoja, Zuwena akirudi shule alikuta baba yupo, na jioni Nasibu alinawa wino mikononi akahisi jambo ambalo hakulitambua mara moja. Alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha ya kazi, ugonjwa ambao ghorofa ya sita hakuna aliyewahi kuupata.

Siku moja mvua ilinyesha na wageni hawakuja. Akamwandikia mama yake cheti, maana kile cha mwaka uliopita kilikuwa karibu kuisha. Kilikuwa namba mia nne kumi na tatu. Bi. Sinawema alikuwa na presha ya kupanda, na bila vidonge vyake vya asubuhi alikuwa hafiki mlangoni bila kushika ukuta. Alikipokea, akakiweka chini ya godoro pamoja na picha ya marehemu mumewe.

Mwisho wa mwezi Nasibu alituma taarifa makao makuu, na makao makuu yakapatwa na kihoro. Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulikuwa umekadiria idadi ya wazee walio hai katika wilaya ile, na ukadiriaji huo ulikuwa umeshasainiwa, umefungwa utepe na kupewa tuzo. Sasa walio hai walikuwa wamezidi mpango. Wataalamu walikagua hesabu mara tatu na kosa lilikuwa palepale: watu walikuwa hai kwa kasi isiyokubalika.

Ukaitishwa mkutano kwa njia ya mtandao, watumishi elfu nne, kila mmoja kwenye kijidirisha chake. Waziri akatokea, nyuma yake bendera mbili na kabati la vyombo. Akaanza kuhutubia. Alihutubia kwa dakika hamsini. Alipunga mkono, akapiga meza, akanyanyua kidole juu, akafuta kijasho, kuna mahali ambapo hata machozi yalimlengalenga. Hakusikika neno hata moja, kwa sababu hakuwa amewasha kipaza sauti chake.

Watumishi elfu nne waliliona hilo, na kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme. Katibu Mkuu alikohoa, akanyamaza. Ni nani angemwambia Waziri kwamba hasikiki? Aliwahi kuwepo mtu aliyemwambia Waziri kwamba vifungo vyake havikufungwa vizuri, na sasa alikuwa akihesabu twiga mpakani. Kwa hiyo Waziri aliponyanyua mikono yote miwili na kutulia, wakajua hotuba imefika mwisho, wakapiga makofi. Nasibu naye alipiga. Alipiga kwa nguvu kuliko jirani zake, kwa sababu kijidirisha chake kilikuwa safu ya mbele.

Hotuba ile iliandikwa kwenye kumbukumbu kuwa ni ya kihistoria. Siku mbili baadaye iliundwa Kamisheni ya Mizania, kusimamia utekelezaji wake.

Mkaguzi wa Mizania, Bwana Lupogo, aliingia kwa Nasibu Jumanne saa tatu asubuhi, bila hodi, akifuatana na fundi rangi aliyebeba ndoo. Wazee saba walikuwa kwenye mabenchi na vikombe mkononi.

"Ndugu Mtengeti, hongera sana," akasema akimpa mkono. "Sebule yako imetangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kuanzia leo ni ofisi kamili. Korido, jiko na choo vimeingizwa kama viambatisho. Vyumba vya kulala ni ghala."

"Nashukuru, mheshimiwa," akasema Nasibu, maana hakujua kingine cha kusema.

Wazee wakatolewa nje wakapange foleni juani, vikombe vikanyang'anywa kama vielelezo. Fundi akaanza kupiga mstari wa njano sakafuni, kutenga ofisi na ghala. Lupogo akakaa kwenye kochi la spring, akaruka, akahamia jingine, akatoa fomu.

"Unacheka mara ngapi saa za kazi?"

"Sijawahi kuhesabu, mheshimiwa."

"Hahesabu," Lupogo akaandika. "Sasa niambie kweli. Kazi imeishinda nyumba, au nyumba imeishinda kazi?"

"Naona zinakwenda pamoja tu. Watu wanahudumiwa, na mimi nyumbani kwangu nina amani."

"Hapo ndipo penye tatizo. Zikienda pamoja, mizania utaiona wapi? Mtumishi mwenye tija na amani kwa wakati mmoja anamaliza akiba ya taifa." Akageuza ukurasa. "Cheti kimoja asubuhi, kimoja alasiri. Saa nne kamili, mazoezi ya viungo mbele ya kamera. Saa sita hadi saa nane, mapumziko. Mapumziko ni lazima, ndugu yangu. Asiyepumzika atapumzishwa. Dakika saba za kuongea na mke, kwa awamu mbili. Chai kwa wananchi marufuku, huo ni ukarimu usioidhinishwa."

Kamera ikafungwa juu ya televisheni, na kitaa chake chekundu kikawaka. Mchana, Zuwena naye amesharudi shule, ikafikiwa sehemu ya wakazi. Kanuni ilisema mtu hai asiye mtumishi haruhusiwi kulala ndani ya ofisi ya Serikali. Kwa Mwajabu haikuwa taabu: aliajiriwa palepale kuwa mhudumu wa ofisi, kazi ya kujitolea. Zuwena alikuwa mdogo mno kuajiriwa, kwa hiyo akaingizwa kwenye leja ya samani, stuli ndogo, moja. Fundi rangi akamwandikia namba kwenye mfuko wa shule. Mtoto alicheka, akadhani ni mchezo.

"Na huyu?" Lupogo akaelekeza kalamu kwa Bi. Sinawema, aliyesimama kwenye mlango wa jiko na sinia tupu.

"Huyu ni mama yangu. Basi na yeye mwandike samani, mheshimiwa," akasema Nasibu, na aliposikia alichokisema uso ulimwaka kwa aibu.

"Haiwezekani. Samani haina Cheti cha Uhai, na huyu anacho." Akafunua karatasi. "Namba mia nne kumi na tatu. Tena kimesainiwa na mwanawe. Ama huyu aondoke kwenye jengo, ama aondoke kwenye orodha ya walio hai. Hatuna haraka. Una hadi Ijumaa."

Bi. Sinawema alikuwa akimtazama mkaguzi kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande.

"Wewe si mtoto wa Tatu Lupogo wa kule Bondeni?" akauliza. "Nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu, ukatutoa jasho usiku kucha. Mama yako alikuwa akisema huyu hatoki. Nikamwambia atatoka."

Kalamu ya Lupogo ikasimama. Kwa muda kidogo alionekana kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni mbele ya wakubwa. Kisha akasafisha koo.

"Hilo halimo kwenye fomu, mama," akasema kwa sauti ndogo, akakusanya karatasi zake. Hakumwangalia tena.

Nasibu hakulala usingizi wa maana siku hizo tatu. Mama yake angekwenda wapi? Nyumba ile aliijenga yeye na mumewe, tofali baada ya tofali, kwa mshahara wa zamu za hospitali. Nasibu alikuwa anakaa kwa mama, siyo mama kwa Nasibu. Ndugu zake wote walikuwa wamekufa, na hao walikufa kweli. Na akiondolewa kwenye orodha, vidonge atavipata wapi? Nasibu alifikiria kuacha kazi. Akapiga simu kamisheni kuulizia.

"Unaweza kabisa kuacha kazi," ikamjibu sauti ya kike, tamu, isiyo na haraka. "Lakini nyumba imeshatangazwa kwenye gazeti. Ukiacha, na wewe utakuwa mtu hai asiye mtumishi ndani ya ofisi. Mtatoka wote. Isipokuwa ile stuli, hiyo ni mali ya Serikali."

Nasibu akakaa chini.

"Dada yangu, naomba unieleze jambo moja. Kanuni hii imetoka wapi?"

"Kwenye hotuba ya Mheshimiwa Waziri."

"Alisema nini, kwani? Mahali gani alisema kwamba mama yangu mzazi..."

"Kaka, wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia?"

Nasibu akahamishia simu sikio la pili. Kusema hakusikia ni kusema Waziri hakusikika.

"Mbona nina picha yako hapa," sauti ikaendelea. "Dakika ya hamsini. Unapiga makofi, na unatabasamu. Kama hukukubaliana na jambo ungesema palepale, mkutano ulikuwa wa uwazi."

Ijumaa alasiri Lupogo alileta fomu mbili, moja ya kuhama na moja ya kuondolewa kwenye orodha, akaziweka mezani, akaenda kusubiri ndani ya gari. Safari hii hata kuingia vizuri hakuingia. Mwajabu alisimama dirishani akitumia awamu yake ya pili ya dakika saba.

"Baba Zuwena," akaanza, kisha akafunika uso kwa kanga.

Bi. Sinawema akatoka chumbani kwake, sasa ghala namba mbili, akivuka mstari wa njano polepole. Akaketi mbele ya meza, upande wanaokaa wateja. Alikuwa na cheti chake mkononi.

"Ipi ni ya kuondoka na ipi ni ya kufa?" akauliza.

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Macho yangu hayasomi maandishi madogo."

Nasibu akamwonyesha.

"Hii basi." Akaisogeza ile ya pili. "Mimi sitoki kwenye nyumba yangu. Nikifa kwenye karatasi nitabaki chumbani kwangu, nitapika, nitamsuka Zuwena nywele. Nimeona watu wengi wakija duniani, mwanangu, na hakuna aliyekuja na karatasi."

"Na vidonge?"

"Vipo vya wiki tatu. Nikimeza siku moja nikaruka siku moja, vitafika sita."

"Halafu, mama?"

"Saini, Nasibu. Yule mtoto wa Tatu anaungua jua ndani ya gari."

Nasibu alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwenye tai, na alilia mbele ya kamera ya Serikali, machozi yakadondoka kwenye kidau cha wino. Mama yake alimpa upindo wa kanga yake ajifute, akashika karatasi isipeperuke. Nasibu alipogonga muhuri, mama alimsaidia kunyoosha fomu ili muhuri ukae sawa, maana alijua mwanawe hapendi kazi ya kupindapinda. Katika safu ya sababu ya kifo ilibidi Nasibu aandike kitu. Aliandika mizania.

Wilaya ile ikasifiwa. Idadi ya walio hai ilianza kurudi kwenye mpango, na Nasibu akapandishwa cheo akawa karani mkuu, akapewa barua ya pongezi kwa tija iliyotulia. Pamoja na barua ulikuja mwongozo mpya wa ofisi za nyumbani, kurasa thelathini. Ukurasa wa tisa ulisema kuzungumza na marehemu mbele ya kamera ni dalili ya uchovu, na mtumishi mwenye uchovu atapumzishwa yeye na nyumba yake.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Nasibu alikuwa kwenye meza yake, tai imekaza shingo, kitaa chekundu kimewaka. Nje foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Bi. Sinawema akatoka jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Siku hiyo ilikuwa ya kuruka vidonge, kwa hiyo alikuja akishika ukuta, kisha mgongo wa kiti, kisha pembe ya meza. Akasimama pale pembeni yake.

Nasibu hakuinua kichwa. Akachukua muhuri, akagonga kwenye karatasi tupu, akagonga tena, ili mkono wake uonekane una kazi. Harufu ya tangawizi ilimfika puani. Alisikia pumzi za mama yake, fupifupi, karibu kabisa na sikio lake.

Alisubiri kidogo, yule mama, jinsi alivyosubiri kila asubuhi tangu mwanawe ajue kusema. Kisha akaweka kikombe mezani, taratibu kisimwagike juu ya mafaili.

"Marahaba, baba," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwamkia, akaushika tena ukuta, akarudi chumbani kwake.